Lugha ya Amri katika Programu ya Barua Pepe: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi programu ya barua pepe ya terminali inavyoundwa, na kuonyesha kwamba ikiwa itasema Kiswahili, sarufi ni sehemu ya ujenzi wenyewe, wala si rangi ya kupakwa mwishoni. Terminali ni skrini ya maandishi matupu, ambayo mtumiaji huiamuru kwa herufi. Kwa desturi ina mistari 24, na kila mstari nafasi 80. Programu za namna hii si ngeni: Pine ya Chuo Kikuu cha Washington ilianza kutengenezwa mwaka 1989, na Mutt ikatokea mwaka 1995.

Tuchukue mfano. Karani wa chama cha msingi wilayani Ruangwa ataka kumpelekea mwenziwe wa Nachingwea hesabu ya magunia ya korosho. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi, pamoja na Liwale, ndizo zilizotoa silabi za jina la chama kikuu cha ushirika, RUNALI. Tuseme siku hiyo mtandao ni dhaifu na umeme wakatika mara kwa mara. Programu yafaa ifanyeje?

Kwanza, iombe kutoka seva vichwa vya barua peke yake. Viambatisho viletwe pale tu karani atakapovitaka. Pili, kila barua iwekwe katika faili lake: huandikwa kwanza katika folda ya muda, na ikiisha kukamilika ndipo huhamishiwa folda ya barua mpya. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati, karani hatakuta nusu ya barua akaidhani nzima. Tatu, barua itokayo ikae katika foleni, wala isiondolewe mpaka seva ijibu kwa namba 250, ambayo maana yake ni kwamba imeipokea.

Hayo ni ya mashine. Sasa tuje kwenye lugha. Katika Mutt, amri nyingi hutolewa kwa herufi moja. Tukizitaja amri kwa kitenzi-jina, yaani kusoma, kujibu, kufuta, zote zaanza kwa K, na herufi haifai kitu. Tukitumia shina tupu twapata S, J na F. Lakini tunga, tuma na tafuta zagombea T. Rai yangu ni kwamba T iachiwe tuma. Tunga ibadilishwe kuwa andika, yaani A. Nayo tafuta ipewe alama ya mkwaju, kama ilivyo katika Mutt.

Shina tupu lafaa kwa sababu nyingine pia: hapo mtu ndiye anayeiamuru mashine, wala hakuna utovu wa adabu. Lakini mashine inapomwambia mtu, yapasa iseme "Tafadhali ungoje", si "Ngoja!" Mfasiri asiyejua ni nani anayemwambia nani hawezi kuchagua baina ya hayo mawili.

Jambo la tatu ni upatanisho. Kwa Kiingereza, katika taarifa za namna hii, mara nyingi nomino ndiyo hubadilika kwa wingi, na kitenzi hubaki vile vile. Kwa Kiswahili nomino "barua" haibadiliki, bali kitenzi: "Barua 1 imefika", "Barua 5 zimefika". Katika "kiambatisho" hubadilika vyote viwili. Basi mwundaji asiunganishe vipande vya maneno. Aweke sentensi nzima mbili, na programu ichague kwa kufuata idadi.

Mwisho ni tahajia. Herufi za Kiswahili zote zimo katika alama 128 za ASCII, mpango uliotolewa mwaka 1963, hata kitone cha juu cha "ng'ombe", mradi kiwe kimenyooka. Baadhi ya simu huweka kilichopinda, ambacho hakimo. Karani akitafuta "ng'ombe" kwa kitone kilichonyooka, hataiona barua iliyoandikwa kwa kile kingine, ingawa imo sandukuni. Programu yapasa ivihesabu vyote viwili kuwa kimoja inapotafuta.

Kwa hiyo kazi hii haifai kuachiwa mafundi peke yao. Mwanasarufi aitwe mapema, kabla herufi za amri hazijagawanywa. Maana vidole vya karani vikiisha kuzizoea, kuzibadilisha ni taabu kuliko kuziunda.