Tamasha Chini ya Mibuyu: Kweli au Si Kweli?

"Mbuyu hauumizwi na msumari." Si kweli. Anayesema hivyo ameona, tena sawasawa, kwamba mbuyu ukichunwa huota gome jipya. Lakini kwangua kidogo kwa ukucha: chini ya ule ukijivu kuna tabaka la kijani, linalousaidia mti kujitengenezea chakula miezi ambayo hauna majani. Ndani zaidi mti ni laini, umejaa maji. Msumari uliobebeshwa taa hulegea, na tundu lake huwa mlango wa kuvu. Zungushia shina mkanda mpana uliolazwa juu ya gunia, ufungie vitambaa vyepesi tu. Taa na spika zisimame kwenye nguzo zake.

"Kivuli kipo, mahema ya nini?" Si kweli, na kosa hili huumiza watu. Matamasha hupangwa kiangazi kukwepa mvua, na kiangazi ndipo mbuyu hubaki matawi matupu. Tena hapa Ruaha Mbuyuni ni bondeni penye joto, chini ya Mlima Kitonga. Anayetoka kwenye baridi ya Iringa huvua sweta kabla basi halijasimama.

"Turubai ni bora kuliko neti." Penye upepo, si kweli. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, na turubai hugeuka tanga. Tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa na watu 7 wakafa. Neti hupitisha upepo. Hapa ni nchi ya vitunguu: magunia ya neti yaliyochakaa, yakishonwa tabaka mbili tatu, hutoa kivuli chepesi chenye rangi ya mahali penyewe.

"Cha siku moja hakihitaji msingi." Si kweli, ila msingi si lazima uchimbwe. Mizizi ya mbuyu hutambaa karibu na uso wa ardhi, mbali kupita matawi, sururu itaikata. Badala yake, funga nguzo kwenye mapipa: pipa la lita 200 likijazwa maji lina uzito wa zaidi ya kilo 200. Tamasha likiisha, maji yaende shambani.

"Taka hazipambi." Si kweli. Flipflopi, jahazi la plastiki chakavu lililopambwa kwa ndala za kuokota, lilijengwa Lamu na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

"Taa zinaweza kuupunguzia mbuyu matunda." Msimu wa maua, inawezekana. Maua yake hufunguka jioni na huchavushwa na popo, ambao wengi hukwepa mwanga mkali. Elekeza taa chini, jukwaani, na uzizime muziki ukikoma.