Saa Ipimayo Damu na Rangi ya Ngozi

Zamani kazi ya saa ya mkononi ilikuwa kumjulisha mtu wakati tu. Siku hizi zipo saa zinazohesabu mapigo ya moyo na kukadiria oksijeni iliyomo katika damu. Je, chombo kidogo namna hiyo hupimaje damu bila kutoboa ngozi?

Siri yake ni mwanga. Mwaka 1974 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alieleza kanuni inayotumika hadi leo. Chombo hupeleka ngozini mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, pamoja na miali isiyoonekana kwa macho, ya nanomita 940 hivi. Himoglobini iliyobeba oksijeni hufyonza zaidi miali isiyoonekana. Ile isiyo na oksijeni hufyonza zaidi mwanga mwekundu. Kwa kulinganisha mwanga unaosalia katika kila pigo la moyo, oksijeni hukadiriwa.

Lakini melanini, inayoipa ngozi weusi wake, nayo hufyonza mwanga. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipimo vya kidoleni vya hospitalini, vyenye kanuni hiyohiyo, vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kosa hilo laweza kumchelewesha mgonjwa kupata matibabu.

Basi hapana budi vyombo hivi vijaribiwe kwa watu wa rangi zote. Naye anayehema kwa shida asitulizwe na tarakimu za saa, aende hospitali.