Neno Linalotangulia Jina la Mchoraji
(Sehemu ya Pili: Mandhari ya Mifereji Mnadani)

Mnada si jambo geni mtaani Karagita, kwa kuwa sehemu ya mawaridi yanayokatwa katika mashamba ya kando ya Ziwa Naivasha, wanakofanya kazi wakazi wengi wa mtaa huo, husafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi na kunadiwa Aalsmeer, ambako saa ya mnada huanza na bei ya juu kisha hushuka mpaka mnunuzi wa kwanza abonyeze kitufe na kuisimamisha. Mnada wa michoro huenda kinyume: dalali huanzia chini, wanunuzi hupandishiana, na mzigo humwendea mwenye kauli ya mwisho, mradi bei imefikia kiwango ambacho mwenye mali amepatana na dalali kwa siri kwamba hatauza chini yake. Lakini tofauti iliyo nzito zaidi ni kwamba waridi huthaminiwa kwa urefu wa shina na ukubwa wa kichwa, mambo yanayoonekana kwa macho, ilhali mchoro wa kale huthaminiwa kwanza kwa jina la aliyeuchora.

Mfano bora ni mandhari ya mifereji ya Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa na ambao njia zake kuu ni maji. Bingwa wake alikuwa Giovanni Antonio Canal, aliyezaliwa mwaka 1697 na kufariki 1768, akijulikana kama Canaletto, yaani Canal mdogo, kwa sababu baba yake naye alikuwa mchoraji. Mabwana wa Kiingereza waliozuru mji huo walizigombania picha zake, na soko hilo likazaa waigaji wengi. Hata mpwa wake, Bernardo Bellotto, aliyefunzwa katika karakana yake, alilitumia jina la Canaletto alipokwenda kufanya kazi nchi nyingine. Julai 2025, mandhari moja ya Canaletto iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 31, ilhali picha inayofanana nayo, yenye maji yaleyale na mashua zilezile, huweza kuuzwa kwa sehemu ndogo mno ya fedha hizo.

Kinachozitenganisha ni neno moja katika orodha ya mnada. Jina likiandikwa peke yake, wataalamu wa mnada wanaamini kwamba mkono ni wa mchoraji mwenyewe. Likitanguliwa na "inadhaniwa ni ya", imani hiyo ina shaka. "Karakana ya" humaanisha kazi ya wasaidizi wake, pengine chini ya usimamizi wake. "Mfuasi wa" ni mtu aliyeiga bila lazima ya kuwa mwanafunzi wake. Na "kwa mtindo wa" humaanisha kazi ya zama za baadaye, hata ikiwa turubai yake imechakaa kiasi gani. Neno hili la mwisho si udanganyifu, bali ni onyo la haki, na anayelipuuza hana wa kumlaumu.

Afrika Mashariki ina Canaletto wake katika jambo hili. Edward Saidi Tingatinga alichora akiwa Dar es Salaam kuanzia takriban mwaka 1968, kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya mbao za dari, hadi alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka hiyo michache ilizaa mtindo unaoitwa kwa jina lake, unaoendelezwa hadi leo na wachoraji stadi wanaostahili heshima kwa majina yao wenyewe, lakini pia ilizaa picha za bandia zenye saini yake. Tangu mwaka 2013, Nairobi imekuwa na minada ya sanaa ya Afrika Mashariki inayoendeshwa na jumba la sanaa la Circle Art, na kadiri bei zinavyopanda, ndivyo swali la mkono wa nani linavyozidi kuwa la lazima.

Basi msomaji aliyenunua mchoro moja kwa moja kwa mchoraji, hata uwe wa bei ndogo, na aandike leo katika karatasi jina la mchoraji, mahali na tarehe ya ununuzi, aihifadhi pamoja na risiti, kwa kuwa mjukuu atakayeupeleka mchoro huo mnadani ataulizwa hayo kabla ya kuulizwa bei.