Baba mkata miti, mama mkaguzi wa kamba

Dar es Salaam. Kila Jumapili jioni, katika nyumba moja ya kupanga huko Mbagala, mkeka hutandikwa uani na juu yake huwekwa kamba yenye urefu wa mita 40. Mama wa familia, ambaye ni fundi cherehani, huketi na kuipitisha kamba hiyo kati ya vidole vyake taratibu, kutoka ncha moja hadi nyingine.

Anatafuta sehemu iliyovimba, iliyonyauka, iliyochomoka nyuzi au iliyokuwa ngumu kana kwamba imeungua. Akimaliza kamba huchukua mkanda wa usalama wa mumewe na kukagua mishono yake mmoja mmoja. Kazi hiyo haimpi shida, kwa sababu kushona ndiko kunakomlisha.

Watoto wao watatu wanaijua sheria ya nyumba: kamba ya baba haikanyagwi, haichezewi wala haianikiwi nguo. Mchanga ukiingia ndani ya kamba hukata nyuzi kidogo kidogo, na kwa nje mtu haoni kitu.

Baba yao ni fundi wa kukata na kupunguza miti kwenye makazi ya watu. Miembe iliyolalia paa, minazi mikavu, mijohoro iliyopasuka, miarobaini iliyoota karibu mno na ukuta, hiyo ndiyo kazi yake kwa mwaka wa 14 sasa. Simu huwa nyingi zaidi masika yanapokaribia, watu wanapoanza kuogopa upepo.

Aliomba jina lake lisitajwe. Sababu aliyoitoa ni kwamba mama yake mzazi, aliyeko Muheza, anaamini mwanawe aliacha kupanda miti tangu alipoanguka na kwamba sasa anasimamia vijana tu.

Siku aliyoanguka

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Alikuwa juu ya mwembe, kimo cha kama ghorofa mbili, akiwa na panga mkononi na kamba ya plastiki ya dukani aliyoifunga kiunoni kwa fundo moja. Tawi alilolikata halikudondoka moja kwa moja, bali lilichanika, likazunguka na kumpiga kifuani. Kamba ilimshika kwa muda mfupi, kisha ikakatika.

Alivunjika kisigino na kifundo cha mkono. Majirani wenye nia njema walimwinua kwa mabega na miguu, wakamketisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili na kumkimbiza hospitali.

Hapo alikuwa na bahati. Mtu aliyeanguka kwa miguu kutoka juu anaweza kuvunjika kisigino na uti wa mgongo kwa pamoja, kwa sababu nguvu ya kutua hupanda kupitia miguu hadi kiunoni. Kumkunja na kumketisha mtu wa namna hiyo kunaweza kuugeuza mfupa uliovunjika kuwa ulemavu wa maisha.

Alikaa miezi minne bila kazi. Mkewe alishona usiku na asubuhi akauza maandazi. Mtoto mkubwa, aliyekuwa darasa la tatu, alianza kumuuliza mama yake kila siku kama baba atatembea tena.

Kamba kwanza, mashine baadaye

Fundi huyo alipopona alikuwa na akiba kidogo, na mpango wake ulikuwa kununua msumeno wa mnyororo, ambao mafundi huuita chenso. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mti wa siku mbili kwa panga na msumeno wa mkono huisha kwa nusu siku ukiwa na mashine.

Mkewe alikataa. Anasema alimuuliza swali moja tu: mashine itamsaidia kukata haraka, lakini ni kitu gani kitamsaidia kushuka? Walibishana wiki nzima. Mwishowe fedha ile ilinunua kamba ya kupandia, mkanda wa usalama na helmeti. Chenso ilikuja baada ya mwaka na zaidi, na katika kipindi hicho chote alifanya kazi kwa msumeno wa mkono.

Mpangilio huo wa kununua vifaa ndio somo kubwa la familia hii, kwa hiyo tuvitazame kimoja kimoja.

Kamba. Kamba ya kupandia miti hutengenezwa kwa nailoni au poliesta, unene wake huwa milimita 11 hadi 13, na iliyokidhi viwango hubeba zaidi ya tani mbili kabla ya kukatika. Kamba ya plastiki ya dukani hulainika kwa joto la msuguano na hudhoofishwa na jua. Kamba ya katani inaweza kuoza ndani kwa unyevu huku nje ikionekana nzima.

Mkanda. Kamba ya kufunga kiunoni pekee haitoshi. Mtu akining'inia nayo hubanwa tumbo na mbavu hadi ashindwe kupumua vizuri. Mkanda sahihi hushika kiuno na mapaja yote mawili, ili uzito wa mwili ugawanyike. Wa kwake wa kwanza aliupata kwenye mitumba, na mkewe aliurudisha siku hiyo hiyo baada ya kuona mishono miwili imefumuka. Mpya unauzwa laki kadhaa.

Mshipi wa pili. Mtu anayetumia msumeno juu ya mti anatakiwa awe ameshikwa sehemu mbili: kamba kuu, na mshipi mfupi unaozunguka shina, ambao mara nyingi huwa na waya wa chuma ndani. Mnyororo ukiikata kamba moja kwa bahati mbaya, ya pili inambakiza juu.

Helmeti. Ile ya ujenzi isiyo na mkanda wa kidevuni huanguka kabla ya mwenyewe. Inayofaa ni ile ya wapandaji, inayobaki kichwani hata mtu akipinduka.

Mashine yenyewe

Chenso nayo ina uchaguzi wake. Mashine kubwa ya kupasulia mbao inaweza kuzidi kilo kumi, na mtu anayening'inia hawezi kuidhibiti. Iliyotengenezwa kwa kazi ya juu ya mti huwa na kilo tatu hadi nne na mpini wake uko juu. Wepesi huo una mtego wake, kwani humshawishi fundi kuishika kwa mkono mmoja. Chenso inashikwa kwa mikono miwili.

Hatari yake kubwa ni kuruka. Sehemu ya juu ya ncha ya lile bapa ambalo mnyororo unalizunguka ikigusa tawi, mashine hurushwa kuelekea usoni au shingoni kwa kasi ambayo mtu hawezi kuiwahi. Ndiyo maana ina breki ya mnyororo mbele ya mpini. Fundi huyu huijaribu kila asubuhi kabla ya kupanda, na isiposhika kazi inaahirishwa.

Kwa miguu kuna suruali maalumu. Ndani yake zimepangwa nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huchomoka, huingia kwenye mashine na kuisimamisha. Ni nzito na ina joto, hasa kwa Dar es Salaam. Yeye huvaa na kupanda saa 12:30 asubuhi, na ikifika saa tano anakuwa ameshuka.

Aliyegundua tatizo la masikio alikuwa binti yake wa miaka tisa, aliyelalamika kwamba baba anaongeza mno sauti ya televisheni. Chenso ya petroli hutoa kelele inayozidi desibeli 100. Kwa kiwango kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini, sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu. Zikifika 100 zinabaki dakika 15 tu.

Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Sasa anavaa vikinga masikio vilivyounganishwa na helmeti, na saidia fundi wake huvaa pia, kwa sababu kelele hiyo inamfika hata aliyeko chini.

Mti nao una kidonda chake

Asubuhi niliyomfuata Kigamboni, alizunguka mwembe mara tatu kabla ya kugusa kamba. Aligonga shina kusikiliza kama lina uwazi, akatafuta nyuki, akatazama nyaya za umeme ziko wapi. Ndipo akapanda.

Tawi kubwa alilikata kwa hatua tatu. Kwanza alikata kidogo upande wa chini, mbali kidogo na shina. Kisha akakata kutoka juu, mbele ya pale, tawi likakatika bila kuchana gome. Mwisho akaondoa kisiki kilichobaki, akiacha ule uvimbe mdogo ulio kwenye maungio ya tawi na shina.

Uvimbe huo ndio unaouponya mti, ingawa hauponi kama ngozi yetu. Mti hauotesheki nyama mpya mahali palipokatwa, bali huzungushia kidonda mbao mpya mpaka kifunikwe. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kuchunguza jambo hilo, na kazi yake ilisaidia kuonyesha kwamba kupaka rangi kidonda cha mti hakuzuii kuoza.

Kwa sababu hiyo hiyo havai miiba ya chuma viatuni anapopunguza mti utakaobaki hai, kwani kila hatua ingeacha tundu kwenye shina. Pia hukataa kunyoa mti kichwa chote, hata mteja akisisitiza. Matawi yanayochipua baada ya hapo hushikilia kwa udhaifu, na miaka michache baadaye ndiyo yanayodondoka mahali watoto wanapocheza.

Mzazi, unapomwita fundi

Kwa fundi huyu, mteja anayemtia wasiwasi kuliko wote ni yule anayeshusha bei hadi fundi aje peke yake. Bei ikishuka sana, cha kwanza kuachwa nyumbani ni msaidizi, na cha pili ni vifaa.

Msaidizi si anasa. Mtu aliyezimia au kuumia akiwa ananing'inia bila kusogea, damu hutuama miguuni na maisha yake yanaweza kuwa hatarini ndani ya dakika chache. Lazima chini awepo mtu anayejua kumshusha.

Kumbuka pia kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na waajiri. Fundi anayejitegemea hana anayemchangia, hivyo akiumia kwako, mzigo huangukia familia yake.

Kabla kazi haijaanza, uliza kamba na mkanda uvione. Watoto wakae ndani au kwa jirani, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti ikiwa unaangushwa wote. Tawi likiwa limegusa au kukaribia waya wa umeme, waite Tanesco kwanza. Mti mbichi hupitisha umeme, na njia za volti 11,000 na 33,000 zinaweza kumrukia mtu hata asipougusa waya.

Ikitokea fundi ameanguka, usimwinue, usimketishe wala usimpe maji. Mwambie asisogeze kichwa, mmoja wenu akishike kwa mikono miwili kikae sawa na mwili. Angalia kama anapumua. Penye damu nyingi, gandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Omba msaada wa gari la wagonjwa, au piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Ikiwa hakuna usafiri isipokuwa gari la jirani, mhamisheni watu wanne au zaidi kwa pamoja, akiwa amelala juu ya kitu kigumu kama ubao au mlango.

Kamba ya zamani

Mwaka jana mkaguzi wa familia alikuta sehemu moja ya kamba imelainika, upana wa kiganja tu. Mumewe alitaka aitumie kwa kazi moja iliyobaki wiki hiyo, kwa kuwa mteja alishalipa nusu. Mkewe hakujibu. Alichukua mkasi wake wa kukatia vitambaa na kuikata kamba vipande vinne palepale mbele yake.

Kazi ile ilisubiri wiki mbili hadi kamba nyingine ilipopatikana. Vipande vile vinne sasa ndivyo vya kuanikia nguo uani, na watoto wanaruhusiwa kuvichezea.