Anayekwenda kusoma Misri asiisahau malaria ya nyumbani

KWA miaka mingi vijana wa Kiislamu wa Tanzania wamekuwa wakienda kusoma Chuo Kikuu cha Al-Azhar, mjini Cairo. Familia ya Murungu, Kibondo au Kasulu inapojaaliwa kijana wake kupata nafasi hiyo, shughuli huwa ni pasipoti, nauli, nguo na dua za wazee. Afya hukumbukwa mwishoni, au isikumbukwe kabisa.

Ndugu msomaji, jambo la kwanza kufahamu ni kwamba mkoa wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa yetu yenye malaria nyingi, wakati Misri ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwezi Oktoba 2024 kuwa nchi isiyo na malaria. Hiyo ni habari njema, lakini kwa mgeni anayetoka kwetu ina hatari yake.

Homa inayosafiri na mtu
Mtu akishaumwa na mbu mwenye vijidudu vya malaria, homa haiji siku hiyo hiyo. Mara nyingi huchukua siku 7 au zaidi, na wakati mwingine hufika mwezi. Kwa hiyo aliyeumwa na mbu Kibondo usiku wa kuamkia safari anaweza kuugua akiwa amekwisha kuanza masomo Cairo. Mwenyewe atadhani ni mafua au uchovu wa ugeni, na daktari asiyeiona malaria mara kwa mara anaweza kudhani hivyo hivyo.

Malaria ya aina iliyo nyingi kwetu ikicheleweshwa saa 24 tu inaweza kuwa kali na kuua. Hivyo mwanafunzi akipata homa katika miezi ya mwanzo, aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi: "Nimetoka Tanzania, naomba nipimwe malaria." Kwa Kiarabu nako ugonjwa huo huitwa malaria, basi lugha isiwe kikwazo. Asimeze dawa kwa kubahatisha.

Anaporudi likizo
Wengi hawajui hili. Mtu mzima aliyekulia Kibondo huwa na kinga kiasi kwa sababu ameugua mara nyingi. Akikaa miaka kadhaa asikokuwa na malaria, kinga hiyo hupungua. Akirudi likizo akasema "mimi mwenyeji, mbu hawa wananijua", anaweza kuugua vibaya kuliko wadogo zake aliowaacha. Mama mwenye nyumba, mgeni wako mtandikie kitanda chenye chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza.

Mambo mengine ya kujiandaa
Mwanafunzi aulize ubalozini kama anatakiwa kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imefanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo haifai kungoja siku ya safari. Tangu 2016 kadi yake hutambulika kwa maisha yote.

Aidha, Cairo usiku wa Januari baridi hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na kati ya Machi na Mei huvuma upepo wa khamsini wenye joto na vumbi. Mwenye pumu aende na dawa zake pamoja na cheti cha daktari. Mwenye selimundu ajikinge na baridi na anywe maji ya kutosha, na kabla ya kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake.

Tusisahau pia upweke. Kijana aliyezoea kula sinia moja na ndugu zake anaweza kukosa usingizi na hamu ya kula. Wazazi, mnapompigia simu msiulize masomo tu. Muulizeni amekula nini, analala vipi, na kama ana homa.

Mwenyezi Mungu awajaalie wanafunzi wetu elimu yenye manufaa na siha njema.