Kujiandaa kwa Mtihani wa Hatari za Tabianchi



Tangu mwaka 2020 shirika la wataalamu wa hatari za fedha, GARP, lenye makao yake Marekani, limekuwa likitoa cheti cha uendelevu na hatari za tabianchi.

Mtahiniwa hana budi kutenganisha hatari za aina mbili. Ya kwanza hutokana na maumbile: ukame unyaushao mibuni, au mafuriko yabomoayo barabara ya kwendea ghalani. Ya pili huletwa na sheria na masoko yanayobadilika. Kwa mfano, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 ilitungwa ili kuzuia kahawa iliyolimwa penye msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mahali lilipo shamba sharti pajulikane. Hivyo mavuno yaweza kuwa mema na bado yakakosa mnunuzi.

Kukariri peke yake hakutoshi. Katibu na afungue daftari la mapokezi ya mazao na orodha ya mashamba, kisha aandike kando ya kila hasara aina ya hatari iliyoisababisha. Hata asipofaulu mtihani, chama kitabaki na kumbukumbu za kumwonyesha mnunuzi na mkopeshaji.