Umekopa wewe, meseji kapokea mama mkwe

Januari ina siku 31 kwenye kalenda, lakini mzazi mwenye watoto watatu shuleni huiona kama ina siku tisini. Ada, sare, madaftari, nauli, mchango wa hiki na kile. Mshahara wa Desemba umekwenda na sikukuu. Hapo ndipo tangazo linapochomoza kwenye simu, katikati ya video ya mapishi: pata laki moja ndani ya dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini.

Kuhusu haraka, tangazo mara nyingi husema kweli. Pesa huingia upesi. Kuhusu dhamana, halisemi kweli. Dhamana ipo, na wadhamini wapo, tena kwa mamia: ni watu wote ambao namba zao umezihifadhi kwenye simu yako.

Ukichelewa kulipa hata siku moja, simu zinaanza. Mama mkwe aliyeko kijijini anapokea ujumbe kutoka namba asiyoijua, unaosema wewe ni tapeli, umekopa na yeye ndiye uliyemwandikisha, kwa hiyo akuambie ulipe. Ujumbe huohuo unamfikia mwalimu wa darasa, mwenyekiti wa kikoba, bosi wako, na fundi bomba aliyekuja nyumbani mara moja mwaka juzi. Wapo waliofunguliwa kundi zima la WhatsApp, picha yao ikawekwa juu.

Deni la shilingi laki moja linalipika. Ndoa iliyoingiwa na shaka, au heshima ya mama mbele ya ukoo, haina risiti ya kulipia.

Wanaipataje orodha yako?

Hakuna uchawi wala udukuzi. Mlango unafungua mwenyewe. Unapopakua aplikesheni na kuifungua kwa mara ya kwanza, simu inakuuliza maswali mafupi: uiruhusu ione orodha ya majina? Isome meseji? Ifungue picha? Ijue mahali ulipo? Kila swali lina kitufe cha kukubali na cha kukataa, ila ukikataa, aplikesheni nyingi za aina hii hugoma kuendelea. Mtu ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Anabonyeza kukubali mara nne, basi.

Ruhusa ya meseji inawaonyesha miamala yako ya pesa za simu: unapokea kiasi gani, tarehe ngapi, kutoka kwa nani. Ruhusa ya majina inawapa zaidi ya namba. Fikiria sisi tunavyohifadhi majina: "Mama Mkwe", "Baba Mwenye Nyumba", "Ticha wa Junior", "Shemeji Dodoma", "Bosi Mpya". Hiyo si orodha ya namba tu, ni ramani ya maisha yako, imeandikwa wazi nani unamheshimu na nani unamwogopa. Anayetaka kukuaibisha hahitaji kukisia aanze na nani.

Kuna jambo ambalo wengi hulijua baada ya maji kumwagika. Kuifuta aplikesheni kwenye simu hakufuti kilichokwisha kuchukuliwa. Orodha ikishanakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta zao, inabaki huko, hata ukibadilisha simu.

Majina hayo si yako peke yako

Mjadala mwingi wa mikopo hii huishia kwa mkopaji: kwa nini alikopa, kwa nini hakusoma masharti. Lakini mama mkwe hakukopa. Mwalimu hakubonyeza popote. Namba zao zimechukuliwa bila wao kuulizwa, na kesho zinaweza kuangukia mikononi mwa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Hapa ndipo hasira ya wazazi kwa kampuni za teknolojia ina haki. Ukilalamika kuhusu aplikesheni, unajibiwa na mashine. Ikiondolewa leo, kesho unaona inayofanana nayo kwa jina jingine na rangi nyingine. Na aliyeuza nafasi ya tangazo lile la "dakika tano" amekwisha kulipwa.

Kwa haki, hatua zimechukuliwa. Tangu Mei 31, 2023, Google imezikataza aplikesheni za mikopo binafsi zilizoko kwenye duka lake la Play Store kufikia orodha ya majina na picha za mtumiaji. Lakini katazo la dukani halimzuii anayesambaza aplikesheni yake kwa kiungo cha WhatsApp, nje ya duka. Ndiyo maana aplikesheni ya mkopo inayokuja kwa kiungo ni ya kuogopwa kuliko zote.

Sheria iko upande wa nani?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024, na ndiyo inayopokea malalamiko ya mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa isivyo halali. Mtu huyo ni pamoja na yule aliyepokea meseji, hata kama hajawahi kukopa senti.

Kwa upande wa fedha, anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali, na kuwatahadharisha wananchi wasizitumie.

Majirani zetu Kenya wamefika hadi kwenye faini. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, mwenye aplikesheni za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 za Kenya. Kosa lilikuwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma meseji na kupiga simu za vitisho. Waliolalamika walikuwa watu wa kawaida kama wewe na mimi, ila walitunza ushahidi.

Kabla hujabonyeza

Si kila mkopo wa simu ni kausha damu. Wapo wakopeshaji wenye leseni, na huduma zinazotolewa na mitandao ya simu kwa kushirikiana na benki. Ili kuwatofautisha, fanya haya:

Tafuta jina la kampuni, siyo jina la aplikesheni tu, kwenye orodha ya watoa huduma wenye leseni iliyoko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Usipoliona, acha.

Piga hesabu ya fedha itakayoingia mkononi, siyo iliyoandikwa. Tuseme umeomba 100,000, ukapewa 70,000 kwa kuwa "ada ya huduma" imekatwa mwanzoni, kisha ukatakiwa kurudisha 100,000 ndani ya siku saba. Umelipa 30,000 kwa kutumia 70,000 wiki moja. Kikoba cha mtaani hakifanyi hivyo.

Ikiomba orodha ya majina, kataa. Ikigoma kuendelea, imekwisha kukuambia dhamana yake ni nini.

Kwa aplikesheni ulizonazo tayari, ingia kwenye Mipangilio, kisha Programu, chagua aplikesheni, fungua Ruhusa na uzime usizozihitaji. Kagua na michezo ya watoto humohumo. Mchezo wa kupanga matofali hauna kazi na meseji zako.

Na kama kijana wako ana simu au anashika yako, mweleze haya kabla hajakutana na tangazo.

Yakishatokea

Ukiwa wewe ndiye mkopaji, wahi kuwaambia watu wako wa karibu, hasa mwenzi wako. Aibu inayotishiwa kufichuliwa hupungua nguvu ikishasemwa nyumbani. Deni ulilokopa bado ni deni; lipa kwa njia yenye kumbukumbu na utunze meseji za miamala. Usikope aplikesheni ya pili ili kulipa ya kwanza.

Piga picha kila ujumbe wa vitisho ukionyesha namba, tarehe na saa. Hivyo ndivyo Tume na polisi wanavyoweza kuanza kazi.

Ukiwa wewe ndiye uliyepokea meseji ya deni la ndugu yako, usiisambaze kwenye kundi la familia, hata kwa kuuliza tu kama ni kweli. Hujawa mdhamini kwa sababu namba yako imo kwenye simu ya mtu. Mdhamini hukubali mwenyewe. Usitume pesa kwenye namba iliyokuja na ujumbe huo. Tunza ushahidi, kisha mpigie ndugu yako simu, mkiwa wawili tu. Anayetuma meseji hizo anategemea wewe umgeuke mtu wako. Ukimpokea kwa upole, silaha yake inakuwa haina risasi.